Masikio Meusi ya Watoto wa Kabondo

Jumatatu, 2 Juni 1975

Leo nimeanza maisha mapya. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mikate ndani ya mafuta, Zaina mgongoni, ardoise imetegemezwa mlangoni. Ni kile kibao changu cha kuandikia cha shule. Kona moja imevunjika. Haidhuru, kona tatu zinatosha.

Sababu ni hii. Foyer, nyumba ya mafunzo ya akina mama, inatafuta monitrice, wa kuwafundisha wamama kusoma na kuandika, alasiri tatu kila wiki. Directrice, mkuu wa foyer, atamtaja Jumapili. Na directrice anapita hapa kila asubuhi kwa miguu, ananunua mikate miwili kwangu, wala hajawahi kuniangalia usoni. Anaangalia mikate.

Mimi nina darasa la tano. La sita nusu, ukihesabu zile wiki nilizokwenda kabla mama hajaugua. Nazihesabu.

Mwenzangu anayeitaka kazi hiyo ni Berthe, wa ng'ambo ya avenue. Kwa makaratasi, tangu serikali ifute majina ya Kizungu, ni citoyenne, yaani raia, Bolumbu, lakini hapa Kabondo hakuna anayemwita hivyo isipokuwa polisi. (Langu halikuguswa. Mwanahamisi nilikuwa, Mwanahamisi nimebaki.) Berthe alifanya miaka miwili ya secondaire kwa masista. Diplome hana, lakini ana mkao wa mtu mwenye diplome.

Mpango wangu: kila siku jambo moja la kushangaza kwenye ardoise. Directrice atasoma, atasema, kumbe huyu mama wa mikate ana kichwa! Mambo ninayo mengi. Karatasi zangu za kufungia mikate ni vitabu vilivyochanwa, vya duka la yule Mgiriki aliyeondoka. Kila ukurasa una maajabu. Nasoma Kifaransa polepole, lakini nafika.

Jambo la leo: TWIGA ANA MIFUPA SABA SHINGONI, SAWASAWA NA MTU.

Tonton Cyprien, mjomba wa mtaa mzima, karani wa bandari wa zamani, amesimama nusu saa akijipapasa shingo. Amepata sita. Anasema ama kitabu kinadanganya, ama bandari ilimla mmoja. Directrice amesoma. Amesema, "Tiens," yaani kumbe. Neno moja tu, lakini amelisema akiniangalia mimi!

Nataka Zaina akue akisikia watu wanamwita mama yake monitrice. Ndiyo hiyo tu. Sitaki kitu kingine. Labda na viatu.

Jumanne, 3 Juni

Jambo la leo: PWEZA ANA MIOYO MITATU.

Kosa. Hapa Kisangani nani amemwona pweza? Wameniuliza anafananaje. Nikasema ni samaki, lakini ana mikono. Mingapi? Minane. Mama mmoja akasema basi mume wa hivyo ndiye ninayemtaka, mmoja ashike mtoto, mwingine asonge ugali. Tonton Cyprien akamwambia, "We mama, na ile mioyo tatu je? Moja yako, mbili ya wengine." Wamecheka mpaka mikate imeungua.

Directrice amesoma, ametabasamu. Wallahi, ametabasamu.

Saa nne nimetazama ng'ambo. Berthe ametoa tableau! Nyeusi, kubwa kama mlango, na chaki za rangi. Imeandikwa kwa Kifaransa kwamba kipepeo anaonja chakula kwa miguu. Nikajiuliza, huyu amepata wapi? Halafu nikakumbuka. Asubuhi amekuja kununua mkate mmoja kwangu. Yeye, ambaye husema mafuta yangu yanamkwaruza koo! Ameula ukurasa wangu. Yaani, mkate amempa mbwa, na ukurasa ameuweka.

Nimelia kidogo nyuma ya nyumba. Zaina amenifuta uso kwa kiganja chenye uji. Ana meno mawili na huruma ya mtu mzima.

Jumatano, 4 Juni

Akili yangu ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Nimechana kila ukurasa katikati. Nusu ya juu nafungia mikate, nusu ya chini nabaki nayo. Berthe apate mwanzo wa mambo, ashindwe mwisho. Ha!

Ila na mimi nilisahau kuchukua mwanzo. Kwa hiyo nilikuwa na mabunda mawili ya nusu, na upepo ukaingia, na Zaina akaingia baada ya upepo. Nikaokota, nikaunganisha. Nusu ya juu ilisema nyangumi ni mnyama mkubwa kuliko wote duniani. Nusu ya chini ilisema anataga mayai elfu thelathini kwa siku. Nikaona inaingia vizuri. Mnyama mkubwa, kazi kubwa.

Nikaandika kwa herufi kubwa.

Tonton Cyprien ameuliza omelette hiyo nani anaikaanga, na kwa sufuria gani. Akaniambia, "Mama Zaina, mimi nilifanya bandarini miaka ishirini na tisa. Meli ya mayai sikuona hata moja." Nikamjibu kwamba nyangumi hafiki Kisangani, maporomoko yanamzuia. Nililisema kwa sauti ya monitrice. Watu wawili wamekubali.

Directrice hakukubali. Amesimama, amesoma, amefunga mdomo kama mkoba. Ameniuliza nimeitoa wapi. Nikasema kitabuni. Akasema angependa kukiona hicho kitabu. Akaenda bila mikate yake.

Ng'ambo, Berthe alicheka kicheko kirefu sana, kwa Kifaransa. Halafu akaandika kwenye tableau yake, kwa chaki nyekundu, kwamba anayetaga mayai elfu thelathini ni malkia wa mchwa. Alikuwa na nusu ya juu! Yenye mchwa! Nilimfungia mwenyewe, kwa mikono yangu!

Zimebaki siku nne. Nilikuwa mbele, sasa niko nyuma. Zaina amelala ananyonya kipande cha chaki. Nimekitoa.

Alhamisi, 5 Juni

Sijalala vizuri lakini nimeamka na wazo. Kama Berthe anaiba maneno yangu, nimpe maneno ya kuiba. Ya uongo. Ayaandike kwenye tableau yake kubwa, directrice asome, aone nani hapa ni mjinga.

Nimechukua karatasi safi. Nimeandika kwa peni, kwa mwandiko mzuri, juu: "Siri ya waganga wa Ulaya." Halafu chini: "Mtoto akipakwa masikioni majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na mafuta ya mawese, atasema Kifaransa kabla ya kutembea." Nimelala chini kwa kucheka. Nani anaweza kuamini kitu kama hicho?

Berthe alikuja saa moja. Akanunua mkate. Alisema eti umeiva vizuri leo. Nami nikamwambia, asante, dada Berthe, kula na afya. Tulikuwa kama dada wawili.

Saa tatu ikawa kwenye tableau. Kwa chaki ya kijani. Chini yake amechora ndizi.

Nilikaa kwenye kigoda kusubiri directrice. Hakupita. Wanasema ana kikao mjini, atapita njia nyingine mpaka Jumamosi.

Lakini wengine walipita. Wamama walisoma kwa kusaidiana, herufi moja moja, wakauliza, ni ndizi gani, ya kupika ao ya kula mbichi? Berthe akajibu ya kupika. Yeye hajui! Karatasi haikusema! Ameongeza mwenyewe, mwongo mkubwa.

Jambo la leo la kwangu lilikuwa la kweli kabisa, kwamba asali haiozi. Hakuna aliyelitazama. Watu wanapenda nini, sijui.

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi nimewaona wa kwanza. Mama wa nyumba ya tatu, mtoto mgongoni, masikio ya mtoto meusi kama sufuria. Baadaye watoto wawili wa fundi cherehani. Kufika saa sita sokoni hakuna ganda la ndizi hata moja. Mwuza ndizi anawaambia watu, ukitaka maganda, ununue na ndizi yake.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Nilifungua mdomo mara tatu. Lakini nikisema ni uongo, wataniuliza, wewe umejuaje? Nikaufunga.

Nikajiambia, majivu hayaui. Na Berthe ndiye aliyeandika, mbele ya watu, kwa kijani. Jumapili directrice ataona.

Alasiri nikaenda kuchota maji. Niliporudi nikasikia sauti ya mume wangu ndani. Amuri! Lori analofanyia kazi limerudi kutoka Banalia siku moja kabla ya siku yake. Nikakimbia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, Zaina magotini, bakuli pembeni, na kidole chake cha shahada kikiwa cheusi mpaka kwenye kiungo.

Amenieleza kwa furaha. Aliposhuka tu kwenye lori, kwenye kona, wakampa habari. Watoto wote wa avenue wamekwisha kupakwa, wetu peke yake bado. Akashangaa. Akasema, "Mama Zaina, wewe unajua mambo yote ya vitabu, hii namna gani imekupita?"

Nimesema nini? Nimesema nilikuwa na kazi nyingi.

Masikio yale madogo! Nilizoea kuyabusu kila asubuhi. Leo nimebusu moja, nimekohoa.

Amuri ameketi mbele yake jioni yote akimwambia bonjour, bonjour, na kungoja. Zaina amemjibu kwa mate. Amuri anasema ni mwanzo mzuri.

Jumamosi, 7 Juni

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Avenue nzima nje na majembe na mafagio, tunafyeka majani ya mitaro. Mkuu wa cellule, kiongozi wa mtaa, anapiga filimbi. Wamama wote na watoto mgongoni. Niliinama kufagia, nikatazama safu ya migongo mbele yangu, jozi baada ya jozi ya masikio meusi. Hata mkuu wa cellule alipaka wa kwake. Jua lilipopanda, mafuta yakaanza kuyeyuka na kushuka shingoni.

Ndipo directrice akatokea.

Alitembea kando ya mtaro. Akasimama kwa mama wa nyumba ya tatu, akamgusa mtoto sikio, akatazama kidole chake. Akauliza hii ni nini. Wakamwambia wote kwa pamoja, kwa fahari, hata mimi karibu nisaidie. Akauliza nani amewafundisha. Vidole vyote vikaelekea kwa Berthe.

Moyo wangu uliruka. Nilikuwa na mmoja tu lakini uliruka kama mitatu.

Berthe hakutetemeka. Ameweka fagio chini, amefungua mkoba wake, ametoa ile karatasi. Imekunjwa vizuri, hata mafuta hayakuingia sana. Nani anahifadhi karatasi ya mkate mkobani? Masista walimfundisha hilo! Akasema, "Citoyenne directrice, mimi nimenakili tu. Imetoka kwa Mama Zaina."

Nikasema karatasi ni karatasi, inaweza kutoka popote. Directrice hakubishana. Alivuka avenue, akachukua ardoise yangu mlangoni, akaweka karatasi pembeni. Hata niandike kwa herufi kubwa, mkia wa g yangu unashuka halafu unajikunja kama mkia wa panya. Katika karatasi, mikia ile ile. Kabondo yote hakuna g nyingine ya namna hiyo. Nilikuwa najivunia.

Filimbi ya mkuu wa cellule ikaanguka.

Halafu kelele. Sitaandika yote. Mama wa nyumba ya tatu ameniita mwizi wa masikio. Fundi cherehani amesema nimfulie shuka. Tonton Cyprien peke yake hakukasirika, amesema tangu mwanzo aliona mayai yale, akajua. Amuri alisimama na jembe lake, akaniangalia muda mrefu. Akaniuliza taratibu, mbele ya watu, "Donc mutoto hatasema Kifaransa?"

Hapo ndipo nilipolia kweli.

Nimemwosha Zaina mara nne kwa sabuni. Nyuma ya sikio la kushoto imebaki alama. Yeye anacheka tu, anafikiri ni mchezo. Kesho ni Jumapili na sina haja ya kwenda foyer. Nani atanitaja mimi?

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda. Amuri ndiye aliyenisukuma. Alisema aibu ya kukaa nyumbani ni ndefu kuliko aibu ya kwenda. Alinibebea hata mtoto.

Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Foyer ilijaa. Wamama waliofika ni kumi na saba, wote na macho kwangu. Berthe alikuwa mbele, na kitambaa kipya.

Directrice alisimama. Alisema kwamba kwa mwaka mzima amepiga kengele ya masomo, na hakupata hata wamama watano. Leo wamekuja kumi na saba bila kengele. Akauliza kwa nini. Mama wa nyumba ya tatu akasimama, akasema, "Tunataka kujua kusoma sisi wenyewe, ili huyu asitudanganye tena." Akanionyesha kwa kidevu. Wengine wote wakasema, kabisa!

Akataja monitrice. Ni Berthe.

Sikusikia kitu kwa muda. Niliona tu midomo inapiga kelele ya furaha. Nilijaribu kufikiria kwamba Zaina bado ni mdogo, hataelewa, hatakumbuka kwamba mama yake alitaka.

Halafu nikasikia jina langu. Directrice alisema Berthe anajua kusoma, lakini watu wa kuja kusomeshwa ameleta mwingine, hata kama kwa njia mbaya. Kwa hiyo Mwanahamisi atakuwa msaidizi wa monitrice. Mwezi mmoja wa kujaribiwa. Sharti moja tu, nisiandike mbele ya watu neno ambalo sikulisoma mpaka mwisho. Nikivunja, naondoka siku hiyo hiyo. Akaniuliza kama naelewa.

Niliapa. Niliapa kwa mkono wa kulia, halafu kwa wa kushoto, halafu kwa mkono wa Zaina.

Msaidizi! Nimetembea mpaka nyumbani bila kuona barabara. Nimejifunza somo kubwa maishani. Uongo, basi. Hila, basi. Tangu leo mimi ni mtu mwingine.

Jumanne, 10 Juni

Jana lilikuwa somo la kwanza. Kazi ya msaidizi wa monitrice ni hii: kufuta tableau. Kuchota maji ya sponji. Kushika watoto wanaolia, watatu kwa wakati mmoja, wale wale wa masikio. Berthe ananiita "msaidizi" bila jina, kama mtu anayeita taksi. Mara mbili amesema kwa sauti kwamba g yake ni ile ya kweli, na yangu ni ya porini.

Nimefikiri asubuhi nikikanda unga. Mimi simchukii Berthe. Namtakia mema. Namtakia mema mbali. Kama angepata nafasi nzuri mahali pengine, nani angebaki hapa kuwafundisha wamama? Nauliza tu.

Basi nimeandika kwenye ardoise, upande ambao yeye hupita: BANALIA WANATAFUTA MONITRICE MWENYE SECONDAIRE. NYUMBA YA BURE, SHAMBA LA MIHOGO, SAMAKI KILA SIKU. Amuri ndiye aliyeleta habari hiyo. Hajaileta, lakini angeweza kuileta, anafika Banalia kila wiki.

Kiapo sijavunja. Niliapa kutoandika nisichokisoma mpaka mwisho. Tangazo hili nimelisoma mpaka mwisho, mara mbili, baada ya kuliandika.

Saa moja. Berthe amepita. Amesoma. Amesema Banalia kuna mbu wengi, akaendelea na safari yake.

Saa mbili. Directrice amepita upande ule mwingine. Hakuona. Mungu mkubwa.

Saa tatu. Nasikia vishindo ndani. Nimekwenda kutazama. Ni Amuri, anafunga sanduku kwa kamba! Masufuria yamekwisha kuingia, na nepi za Zaina, na kibatari. Tonton Cyprien amemsomea tangazo. Anasema secondaire si kitu, mimi sasa ni msaidizi wa monitrice, nimefanya siku moja nzima, watanichukua kwa mikono miwili. Nyumba ya bure, Mama Zaina! Samaki! Amekwenda mbio kwa patron wake, wamempa nafasi ya familia kwenye lori. Linaondoka saa tisa. Masomo yetu foyer yanaanza saa tisa na nusu.

Nimemwambia tungoje. Anasema nyumba ya bure haingoji.

Kumwambia ukweli siwezi. Aliniangalia vile Jumamosi, siwezi kuona macho hayo mara ya pili.

Nimechukua chaki. Nimefuta. Naandika sasa hivi, kwa herufi kubwa kabisa, kwamba mvua imekata njia ya Bengamisa, ile ya kwenda Banalia, lori halipiti mpaka mwezi ujao.

Ila Amuri alipita njia hiyo Ijumaa, anaijua shimo kwa shimo. Itabidi ikatike tangu jana.